Namna ya Kurudi Kanisani Nairobi Baada ya Safari Ndefu

Nilirudi Nairobi mwezi Agosti 2025, baada ya kufanya kazi Doha, nchini Qatar, kwa miaka miwili na nusu. Jumapili iliyofuata niliingia katika kanisa la parokia yetu dakika kumi kabla ya Misa, nikakaa kwenye benchi nililolizoea tangu nilipopata Kipaimara, kisha nikangoja moyo uniambie kwamba nimefika. Haukuniambia neno. Padre alipofika kwenye Sala ya Ekaristi aliwataja Papa Leo na Askofu wetu Philip, na hapo ndipo nilipotambua jinsi nilivyokuwa bado mbali. Nilipoondoka Februari 2023 majina yaliyotajwa mahali hapo yalikuwa Fransisko na Philip. Kule Doha, chini ya Askofu Aldo Berardi, yakawa Fransisko na Aldo, na baada ya Papa Fransisko kufariki tarehe 21 Aprili 2025 na mrithi wake kuchaguliwa mwezi uliofuata, yakawa Leo na Aldo. Leo na Philip kwa pamoja sikuwa nimewahi kuyasikia. Waumini wote waliendelea na sala kama kawaida, nami nikabaki nimesimama kwenye majina hayo mawili mpaka nilipowasikia wakianza Baba Yetu.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kosa langu, nalo ni kwamba nilikuwa nimeanza na jengo. Nilidhani kanisa ni mahali ambapo mtu akirudi anaingia, anakaa, na imani yake inaendelea pale ilipoishia. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wale wanaorudi Nairobi kutoka Ughaibuni, kutoka kwenye meli, kwenye barabara ndefu za malori, au kutoka popote ambako riziki imewaweka kwa miezi au miaka, ili wasipoteze muda nilioupoteza mimi. Mimi ni Mkatoliki, na mifano yangu mingi ni ya Kikatoliki, lakini nimezungumza na ndugu wa Anglikana na wa PCEA, yaani Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, waliorudi kama mimi, na mengi ninayoyasema hapa wameyapitia pia.

Anza na waliofiwa

Kabla hujavaa nguo za Jumapili, tafuta mtu mmoja anayejua habari za watu wenu. Kwetu Wakatoliki mtu huyo ni katibu wa jumuiya, yaani kikundi kidogo cha waumini majirani kinachosali nyumba kwa nyumba, sisi kila Jumatano jioni, kwa kuwa ndiye anayetunza daftari la mahudhurio na la michango. Kwa PCEA ni mzee wa wilaya, na kwa Anglikana mara nyingi ni mmoja wa akina mama wa ushirika wa nyumbani. Muulize mambo matatu na uyaandike: nani amefariki, nani ni mgonjwa, na nani amehama. Usiulize kwa ujumbe mfupi wa simu. Nenda kwake, keti, na umpe nafasi ya kukumbuka, kwa maana majina mengine hayamjii mpaka amewaza nyumba moja baada ya nyingine.

Nilipofanya hivyo nilipata majina manne ya marehemu. Wawili nilikuwa nimesikia habari zao kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya nikiwa Doha, na nilituma mchango wangu kwa M-Pesa. Wawili sikujua kabisa kwamba hawapo. Tena nikaambiwa kwamba familia sita hazipo katika jumuiya yetu. Mtaa wetu uko Mukuru, kando ya Mto Ngong, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipopita, nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni zilibomolewa. Mafuriko hayo niliyaona kwenye simu na niliyasikitikia, lakini kutazama maji yakipita mlangoni kwa mtu ni jambo moja, na kujua kwamba mtu huyo sasa anaishi Kayole au amerudi mashambani, na kwamba hatakuwepo kwenye kiti chake Jumatano jioni, ni jambo jingine kabisa.

Basi nenda ukatoe pole. Kwetu hilo halihitaji maelezo marefu, kwa sababu kila mtu aliyelelewa miongoni mwetu anajua kwamba anayerudi kutoka safari huenda kwa waliofiwa wakati hayupo, hata ikiwa mwaka umepita. Kinachopotea mjini ni utaratibu wake, kwa hiyo nitaueleza kama nilivyoelekezwa na mwenyekiti wetu, ambaye ni mama wa makamo aliyetuzikia watu wengi.

Usiende peke yako. Mchukue mwanajumuiya mmoja aliyekuwepo kwenye msiba. Nenda Jumamosi alasiri au Jumapili baada ya Misa, na utume habari siku moja mbele ili wenyeji wasibabaike. Beba sukari, majani ya chai, unga na maziwa, vitu ambavyo nyumba itavitumia wiki hiyo hiyo, na zawadi za uwanja wa ndege ziache kwa siku nyingine. Ukishaketi, usianze kueleza kwa nini hukuja kwenye mazishi. Kila mtu anajua ulikuwa wapi, na maelezo hayo humlazimisha mfiwa akufariji wewe. Sema pole, kisha umwache asimulie. Atasimulia tangu siku ya ugonjwa, hospitali, mikutano ya maandalizi, gari lililochelewa, mpaka kaburini, na hata kama picha zote ulizipata kwenye simu, sikiliza kama mtu asiyejua lolote, kwa sababu hukuwepo. Mwisho omba sala fupi, au mwombe aliyekuja nawe aombe. Kama una bahasha, mpe mwenye nyumba mkono kwa mkono ukiaga, bila kutaja kilichomo.

Nyumba ya tatu niliyoingia ilikuwa ya mjane wa mzee aliyenifundisha katekisimu. Alinisimulia mambo ya mazishi kwa karibu saa nzima, akanyamaza, akanimiminia chai, kisha akaniuliza: "Na nyinyi kule, mwanangu, mlikuwa mkisali?" Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo tangu nishuke kwenye ndege. Wengi waliniuliza kuhusu mshahara, joto, na kama mwajiri alikuwa mwema. Nilimweleza ukweli, kwamba mwaka wa kwanza nilisali sana na mwaka wa pili kulikuwa na miezi ambayo sikufungua kinywa, na yeye akatikisa kichwa polepole, akaniambia kwamba hata yeye baada ya mazishi alikaa muda mrefu bila kuweza kusema Rozari. Nilitoka nyumbani mwake nikiwa nimerudi kanisani. Jumapili iliyofuata nilipomwona akiingia, nilijua alichobeba moyoni, naye alijua changu, na Misa ikawa Misa tena.

Ndiyo maana nasisitiza mpangilio huu, nyumba kwanza na benchi baadaye. Ukianza na benchi utakaa katikati ya watu ambao huzuni zao za miaka miwili huzijui, utawasalimu kwa furaha usiyopaswa kuwa nayo mbele yao, nao watakujibu kwa adabu. Unaweza kuishi katika adabu hiyo miaka mingi ukidhani umerudi.

Jumapili ya kwanza

Hapa sina mengi. Chagua ibada ya lugha uliyoizoea tangu zamani. Parokia nyingi za Nairobi zina ibada ya Kiingereza na ya Kiswahili, na aliyetoka nje huvutwa na ile ya Kiingereza kwa sababu ndiyo aliyoizoea kule, lakini maneno ya utotoni yana njia yao ya kuingia moyoni. Wakati wa matangazo, wageni wanapoombwa wasimame, unaweza kusimama; ukisimama, taja jina lako na jumuiya yako, sema umerudi salama, pokea makofi ya kilo, uketi. Nchi uliyotoka itajulikana tu.

Kama ulikuwa katika kwaya, usiende moja kwa moja mahali pako. Kuna mtu aliyesimama pale Krismasi na Pasaka zote ambazo hukuwepo. Zungumza na mwalimu wa kwaya katikati ya wiki, hudhuria mazoezi mwezi mzima, jifunze nyimbo mpya, na umngoje yeye akupe nafasi. Vivyo hivyo kwa wahudumu wa Ekaristi, wasomaji, na waliokuwa na vyeo katika halmashauri ya parokia.

Yale uliyoyaona kule

Kanisa nililosali Doha ni la Bikira Maria wa Rozari, lililowekwa wakfu Machi 2008 katika kiwanja kilichotolewa na Emir wa wakati huo, Hamad bin Khalifa Al Thani, huko Mesaimeer, mahali ambapo madhehebu mengine ya Kikristo pia yana makanisa yao. Kwa nje halina msalaba wala kengele. Unapita ukaguzi langoni kabla ya kuingia. Ndani, Misa husomwa kwa lugha nyingi, zikiwemo za Wafilipino na za Wahindi wa Kerala, na kwa kuwa siku za mapumziko Qatar ni Ijumaa na Jumamosi, sisi wafanyakazi tulisali Ijumaa. Kwa miaka miwili na nusu Ijumaa ilikuwa siku yangu ya Bwana, na Jumapili nilikuwa kazini tangu alfajiri.

Mambo haya nayaeleza kwa kirefu kwa sababu kila anayerudi huja na yake, na swali ni ayaweke wapi. Kishawishi kikubwa ni kulinganisha. Kule ibada ilianza kwa wakati; kule hawakutangaza michango mitano baada ya Komunyo; kule mahubiri yalikuwa mafupi. Huenda yote hayo ni kweli, na mengine yanastahili kusemwa siku moja na mtu mwenye haki ya kuyasema, yaani mtu aliyekaa, akafanya kazi, akajua kwa nini mambo yako jinsi yalivyo. Kwa miezi sita ya kwanza, yanyamazie. Ukiulizwa, simulia ulichokiona bila kukigeuza fimbo. Nimegundua kwamba watu wa jumuiya wanapenda sana kusikia kwamba kuna kanisa lisilo na msalaba kwa nje, lakini ndani limejaa watu waliosimama mpaka kwenye korido, na habari hiyo huwafanya waangalie msalaba wao wenyewe kwa jicho jipya. Mtu angewaambia kwamba kule watu wanajali wakati kuliko sisi, wasingesikia kitu.

Hata hivyo, usitupe ulichojifunza. Miezi ya kwanza baada ya kurudi, kila Ijumaa mwili wangu ulikuwa na kiu ya ibada, nami nikawa najilaumu kama mtu aliyekosa Misa. Baadaye niliona ni zawadi. Ofisi ninayofanyia kazi sasa iko katikati ya jiji, na Ijumaa, wenzangu wanapokwenda chakula cha mchana, mimi huenda Misa ya mchana katika Basilika ya Familia Takatifu, nakaa nyuma pamoja na makarani, wachuuzi na watu wenye mabegi ya hospitali, kisha narudi kazini. Ijumaa yangu ya Doha imepata nyumba Nairobi. Wewe pia huenda umerudi na kitu kama hicho, desturi ya kufunga uliyojifunza kwa jirani Mwislamu, au kusali kimya kwa sababu mlikuwa wanane chumbani, au Rozari uliyoisema ndani ya basi la wafanyakazi. Kitafutie saa yake katika wiki ya hapa.

Imani iliyorudi ikiwa imebadilika

Katika Kitabu cha Ruthu, Naomi anaporudi Bethlehemu kutoka Moabu, wanawake wa mji wanaulizana kama ndiye kweli. Naye hawajibu kwa tabasamu. Anawaambia wasimwite Naomi tena bali Mara, yaani mwenye uchungu, kwa sababu aliondoka akiwa amejaa na amerudishwa mtupu. Mtu anayerudi kutoka safari na imani iliyochoka afanye alivyofanya Naomi. Alisema ukweli, na aliwaambia wanawake waliomjua zamani. Alisema siku za kwanza, wakati mavuno ya shayiri yalipokuwa yakianza, kabla watu hawajamzoea akiwa na uso wa kujifanya.

Hatua ya kwanza basi ni kumtafuta mtu mmoja wa kumwambia. Kwa Mkatoliki, Sakramenti ya Kitubio ipo kwa ajili hiyo. Kanisa linatutaka tuungame dhambi kubwa angalau mara moja kwa mwaka, na wengi wetu tunarudi tukiwa tumepitisha miaka miwili au mitatu, kisha aibu ya kutaja idadi hiyo inatufanya tuongeze mwaka wa nne. Sema tu: "Padre, mara ya mwisho niliungama miaka mitatu iliyopita, nilikuwa safarini." Taja dhambi zako kwa jina na kwa ufupi, bila historia ya mkataba wa kazi na bila kumlaumu mwajiri, kisha usikilize. Kama unaona haya mbele ya paroko anayemjua mama yako, nenda kanisa jingine. Ni haki yako, na katika jiji kubwa kama hili ni rahisi. Mimi nilifanya hivyo, na baada ya hapo niliweza kumkabili paroko wetu bila uzito.

Kwa ndugu zetu wasio na maungamo ya namna hiyo, wazee wa kanisa wapo, na mchungaji yupo. Rafiki yangu wa PCEA aliyekuwa baharini miaka minne alimwomba mzee wa wilaya yake matembezi ya jioni, wakatembea kutoka kanisani mpaka kituo cha matatu mara tatu wakienda na kurudi, na ndivyo alivyosema yote.

Hatua ya pili ni kusali kidogo na kwa wakati mmoja kila siku. Aliyekaa bila kusali asijiwekee mpango wa saa nzima alfajiri, kwa kuwa ataushindwa siku ya nne na kujihukumu upya. Baba Yetu moja kabla ya kushika simu inatosha kwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ongeza zaburi. Napendekeza Zaburi 126, ile ya waliorudishwa kutoka uhamishoni wakajiona kama watu wanaoota, kwa sababu ndani yake kuna wanaopanda kwa machozi, na anayerudi Nairobi bila kazi ataelewa maneno hayo kabla hajafafanuliwa.

Kuna pia wanaorudi na imani yenye moto kuliko walivyoondoka, nao wana shida yao. Ugenini Wakenya husali pamoja bila kuulizana madhehebu, na si ajabu Mkatoliki kukaa miaka katika ushirika wa kilokole chumbani kwa mtu, akajifunza Biblia vizuri kuliko alivyowahi kufundishwa nyumbani. Ikiwa ndivyo, mshukuru Mungu na uwe mkweli kwa padre wako. Ikiwa ulibatizwa tena kule, mwambie hilo pia. Kanisa Katoliki halirudii ubatizo halali, na ule wa kwanza bado unasimama, lakini jambo hilo linahitaji kuzungumzwa na kuponywa, lisibaki siri. Zaidi ya yote, usiingie jumuiya ukiwatazama wenzako kama watu waliolala. Biblia uliyojifunza ilete pale wanaposoma Injili ya Jumapili, na useme zamu yako ikifika.

Mwaka wa kwanza usikubali uongozi wowote. Utaombwa, kwa sababu umeonekana nadhifu na inadhaniwa una pesa. Kataa kwa heshima na ueleze kwamba bado unajifunza upya.

Pesa

Nimetaja pesa, na sharti nizizungumzie wazi, kwa kuwa zimewafukuza watu wengi kanisani kuliko mashaka yalivyowafukuza. Aliyerudi kutoka nje huonekana kama mti uliozaa. Wiki ya pili utapigiwa simu kuhusu ujenzi wa ukuta, wiki ya tatu kuhusu sare za kwaya, na harambee ya kwanza itakukuta mezani pa wageni wa heshima bila kuulizwa. Wengi hawakuombi kwa ubaya. Hawajui kwamba ulirudi na deni la wakala, au kwamba mshahara wa miezi mitatu ya mwisho hukulipwa.

Kaa na mwenzi wako au mzazi wako kabla ya Jumapili ya kwanza, mkadirie ulichonacho, na mgawe mara moja: sadaka ya shukrani, zaka, na pole kwa waliofiwa. Sadaka ya shukrani itolewe siku moja iliyotangazwa, familia yako ikikusindikiza kwenda altareni kwa wimbo kama ilivyo desturi, kisha iwe imekwisha. Baada ya hapo toa zaka yako ya kila mwezi kwa kadi au kwa namba ya Paybill ya parokia, kiasi kinacholingana na mapato yako ya sasa, si ya Doha. Kila atakayekuja na ombi jingine mwambie kwamba umeshatoa shukrani yako na sasa unatoa pamoja na jumuiya. Jibu hilo ni la kweli na halimvunjii mtu heshima. Usitoe ushuhuda na bahasha kwa pamoja. Mtu akisimulia wema wa Mungu huku ameshika fedha, watu husikia fedha.

Na malimbikizo? Katika ofisi ya parokia moja, ambayo si yetu, niliona mama aliyerudi kutoka Ughaibuni akiambiwa alipe zaka ya miezi thelathini kabla mtoto wake hajabatizwa. Alitoka akilia. Nasema kwa uwazi kwamba hilo ni kosa. Aliyekuwa akitoa sadaka mahali alipokuwa akisali hadaiwi mara mbili, na sakramenti hazinunuliwi. Ukikutana na jambo hilo, usigombane na karani mlangoni. Omba kumwona paroko mwenyewe, ukiwa na mwenyekiti wa jumuiya, na mara nyingi litaishia hapo.

Nikiwa kwenye karatasi za ofisi, niongeze jambo dogo. Ikiwa mlifunga ndoa au mtoto alibatizwa kule, leta vyeti vyenye mhuri na uombe habari ya ndoa iandikwe katika daftari la parokia ulikobatizwa, maana kumbukumbu za sakramenti za Mkatoliki hufuata ubatizo wake. Aliyeondoka bila ndoa na anataka kuifunga sasa aombe nakala mpya ya cheti cha ubatizo, kwa sababu ile ya zamani sandukuni haitakubaliwa.

Kanisa nalo lilisafiri

Usidhani wewe peke yako ndiye uliyebadilika. Niliondoka wakati ambapo bado ilikuwa kawaida kwa mwanasiasa kusimama Jumapili na kupewa kipaza sauti, ingawa Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana alikuwa ameshapiga marufuku desturi hiyo katika makanisa yake Septemba 2021. Nikiwa mbali, vijana waliandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, wengine wakauawa, na baadaye wengi wao wakauliza makanisani mwao viongozi wa dini walikuwa wapi. Novemba mwaka huo Askofu Mkuu wetu Philip Anyolo, yule anayetajwa katika Misa, akatangaza kwamba fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika kanisa la Soweto, Kayole, zitarudishwa. Hayo yote niliyasoma kwenye simu. Katika jumuiya yetu kuna mama ambaye mwanawe alikuwa barabarani siku hizo, na kuna mwanakwaya ambaye anaamini fedha zile zingemaliza nyumba ya padre, na wote wawili hupokea Komunyo katika foleni moja. Aliyerudi aulize na kusikiliza kwa muda mrefu kabla ya kutoa maoni yake juu ya mambo haya, kwa sababu maoni aliyoyapata kwenye simu hayana nyuso ndani yake.

Siku jumuiya itakapokuja kwako

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa ukanda wetu, katika umoja wao wa AMECEA, walifanya ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kazi ya kwanza ya kichungaji, na kwa mtu anayerudi sijui uamuzi uliomsaidia zaidi ya huo. Kanisa la watu elfu moja linaweza kukosa kukuona. Watu kumi na watano kwenye sebule hawawezi. Kama unaweza kuchagua wakati, jiunge Kwaresima, wakati ambapo jumuiya zote nchini zinasoma kijitabu cha kampeni ya Kwaresima cha maaskofu, juma kwa juma, kwa kuwa hapo kila mtu anaanza ukurasa wa kwanza pamoja nawe.

Hudhuria kwa utulivu nyumba za wengine, na usiharakishe zamu yako. Itakapofika, mwambie mwenyekiti wiki moja mbele kama chumba ni kidogo, ili watoto waketi kwa jirani. Azima viti kwa mapema. Tandika kitambaa safi juu ya meza, weka msalaba, mshumaa na Biblia, na uondoe televisheni kama inakabili watu. Usiongoze sala wewe. Mwachie aliyepangwa, nawe usome somo kama utaombwa. Ikifika nafasi ya nia, taja marehemu wote wa jumuiya waliofariki ulipokuwa safarini, mmoja mmoja kwa jina, polepole, ukitumia ile orodha uliyoiandika siku ya kwanza. Mimi nilipoyataja majina yale manne, mjane wa mwalimu wangu wa katekisimu aliitikia kila jina kabla ya wengine.

Chai iwe rahisi, na mkate au viazi vitamu vinatosha, kwa sababu atakayefuata huenda hana uwezo wako na hupaswi kumpandishia kipimo. Michango ikishahesabiwa, katibu atafungua daftari, ataandika waliohudhuria, jina lako likiwa miongoni mwao, kisha atauliza nyumba ya Jumatano ijayo ni ya nani.